Dar mpaka Matema na mama mdogo mwenye jicho jipya

Jumanne, Dar mpaka Iringa

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi tuko stendi ya Magufuli pale Mbezi, mimi na mama mdogo, mabegi matatu na ndoo moja ya mfuniko ambayo mpaka leo sijui ndani kulikuwa na nini. Mama mdogo alikuja Dar kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Wamefanya la kulia, la kushoto daktari kasema lije baadae, kwaiyo anarudi na miwani nyeusi kubwa, chupa ya matone na orodha ndefu ya makatazo: asiiname sana, asibebe mzigo, asifikiche, maji yasiingie, vumbi lisiingie. Kumrudisha kwao Matema, kule Ziwa Nyasa, nikapewa mimi kwa sababu ndo mtu pekee kwenye ukoo ambaye wiki hiyo hakuwa na kazi. Na waliiandika hivohivo kwenye grupu la familia, na vikatuni vya kucheka juu yake.

Ni kweli sikuwa na kazi. Mkataba uliisha hawakuongeza, ofisi tuiache jina, sababu ni zile za kila siku, bajeti, mabadiliko, tunakutakia kila la heri. Nilikuwa nimefanya intavyuu sehemu ingine nasubiri jibu, kwaiyo nimepanda basi simu mkononi hasira kifuani, na kuanzia Mbezi mpaka Chalinze sikuona kitu kizuri hata kimoja. Niliona foleni ya malori Kibaha, nikaona mifuko ya plastiki imenasa kwenye michongoma, nikaona lori limelala ubavu na watu wanalipiga picha, konda ana dharau, siti yangu hairudi nyuma, mtoto wa nyuma anapiga mateke. Vyote hivyo vilikuwepo kweli, sijatunga. Ila ukiniuliza jua lilichomoza vipi asubuhi ile, sina jibu, na macho yangu hayana mtoto wala mjukuu.

Mama mdogo yeye yuko dirishani anasoma kuta. Kwa sauti.

"Duka la dawa baridi. Fundi pikipiki. Usikojoe hapa, faini elfu hamsini. Nyumba hii haiuzwi." Kimya kidogo. "Nyumba hii haiuzwi. Na hii nayo haiuzwi. Mwanangu, kwani nani kawauliza?"

Nikasema sijui ma'mdogo, kwa sauti ya mtu anayetaka kuachwa. Hakuniacha.

Siti ya mbele yetu kulikuwa na kaka anasikiliza klipu za wale jamaa wa kuhamasisha, bila spika za masikioni, basi zima tunasikia: badili mtazamo wako, dunia yako itabadilika. Mimi nina kodi ya miezi sita inadaiwa mwezi ujao, afu mtu ananiambia nibadili mtazamo. Hawa watu huwa nasema wapewe kwanza kodi ya mwezi ujao wailipe kwa mtazamo tuone.

Msamvu, Morogoro, tukasimama watu wakanywa chai. Mama mdogo hakushuka, alikuwa anaangalia juu. "Ile milima ilikuwepo siku zote?" Ndio ma'mdogo, ni Uluguru. "Mwaka jana nilipita hapa nikajua ni mvua inakuja."

Baada ya hapo ni Mikumi. Barabara inakatiza hifadhini kama kilomita hamsini, matuta mengi, dereva anatembea polepole maana ukigonga mnyama kuna bango kabisa limeorodhesha faini zake na zimeandikwa kwa dola. Mama mdogo akaanza mchezo wake ambao aliucheza safari nzima, anafumba jicho moja anafumbua lingine, kushoto, kulia, kushoto. Akaniambia kwa hili la zamani twiga ana rangi ya chai ya rangi, nyasi zina rangi ya chai ya rangi, na wewe mwenyewe una rangi ya chai ya rangi. Afu anahamia jipya anasema "Ee Yesu."

Nilikuwa nimeshaelezwa na daktari siku tunaruhusiwa. Ile lenzi ya asili ndani ya jicho inavyozeeka inageuka njano, mwisho kahawia, na inachuja mwanga wa bluu, ila inafanya kazi hiyo taratibu miaka na miaka kwaiyo ubongo unazoea na mwenye jicho hajui anachokosa. Wakiitoa wakaweka ya plastiki, bluu yote inaingia kwa mpigo. Kuna mchoraji wa Ufaransa, Claude Monet, alifanyiwa jicho la kulia mwaka 1923, la kushoto akagoma kabisa, na akawa analalamika kwamba rangi zimemgeuka. Yeye rangi zilikuwa kazi. Mama mdogo ni mkulima wa mpunga na kokoa, hana cha kulalamikia, anakula tu.

Na mimi nikaitumia hiyo habari ya lenzi vibaya kidogo. Nikajisemea moyoni, basi furaha yake sio roho nzuri wala nini, ni plastiki. Mimi nikiwekewa mshahara nitaona twiga pia. Akaniambia amehesabu twiga saba. Mimi nimeona wawili, na hao ni kwa sababu alinipiga kiwiko, mda mwingine wote nilikuwa naandika meseji ya kumtumia bosi wangu wa zamani, nafuta, naandika tena.

Ruaha Mbuyuni tulichimba dawa, mibuyu kila upande, wauza vitunguu wakaizunguka basi. Mama mdogo akanunua fungu zima, akakagua kimojakimoja.

Afu Kitonga. Sasa hapa ndo pakageuka. Mama mdogo amepita Kitonga mara nyingi tu, kwenda na kurudi, na siku zote alikuwa anakaa dirishani anakula karanga zake. Leo basi limeanza kupanda, kona ya kwanza, kona ya pili, malori yanashuka yananuka breki, upande wake ni bonde, na yeye analiona lile bonde kwa mara ya kwanza mpaka chini kabisa, mti mmoja mmoja. Akanishika mkono kucha zikaingia. Akaanza wimbo wa kanisani chinichini. "Hii njia ndo tunapitaga?" Ndio. "Siku zote?" Ndio ma'mdogo. "Na mlikuwa mnaniona nakula karanga mnanyamaza?"

Mimi pale Kitonga ndo nilikuwa mtulivu kuliko wote, kwa sababu mbaya: mtu ukiwa umekata tamaa hata bonde halikutishi. Nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hicho kicheko nilikiskia kigeni.

Kingine nilichokikumbuka usiku tukiwa tushafika. Njiani kabla ya Iringa kuna mnara wa Lugalo, pale Wahehe wa Mkwawa walipowapiga Wajerumani wa kamanda Zelewski mwaka 1891. Mimi ni mtu wa historia bana, kila nikipita njia ile huwa nageuza shingo. Safari hii nimepita sijui saa ngapi. Macho yalikuwa wazi na hayakuleta kitu nyumbani.

Jumatano, Iringa

Tumelala kwa binamu yangu, mama mdogo asikae kwenye basi siku nzima kwa mpigo. Iringa mwezi wa saba ina baridi ya kukusema jina. Nilipewa mablanketi mawili, nikalala saa tatu usiku nikaamka saa nne asubuhi, nadhani sikuwa nimelala hivo toka mkataba uishe. Mke wa binamu akaleta ugali, mboga za majani na maharage yaliyoiva vizuri, nikala sahani mbili. Nikatoka nje. Mbele ya nyumba kuna jiwe lile la Gangilonga linaonekana kwa mbali na jua limelipiga, nikasimama nalitazama nikajikuta nimetulia. Hakuna kilichokuwa kimebadilika. Simu haijaita, kodi iko palepale.

Nikakaa kwenye kiti cha kuni nawaza hii kitu. Kule kwenye basi kaka wa klipu anasema badili mtazamo, lakini mimi mtazamo wangu sikuubadili, ulibadilishwa na maharage na usingizi. Watu wanaliongelea hili jambo kana kwamba liko kichwani tu, unaamua, unabonyeza. Wakati kichwa chenyewe kimekaa juu ya tumbo.

Niliwahi kusoma utafiti mmoja nikaukumbuka hapo kwa sababu ya Kitonga. Mwaka 1999 kule Virginia, Marekani, akina Dennis Proffitt waliwasimamisha watu chini ya mlima wakaambiwa wakadirie mteremko, na waliobebeshwa begi zito wakauona mkali zaidi kuliko wasio na mzigo. Mwaka 2008 ukafanyika mwingine, waliosimama na rafiki pembeni wakakadiria mlima mdogo kuliko waliosimama peke yao. Nzuri sana, inaingia kwenye mahubiri moja kwa moja. Ila wakaja watafiti wengine wabishi, wakawabebesha watu begi zito vilevile lakini wakawaambia ndani kuna vifaa vya kupima misuli, na mlima haukuongezeka. Yaani wale wa mwanzo inawezekana walihisi kwa nini wamepewa begi, wakasema namba ya kumridhisha mwenye begi. Mimi nawapenda wale wabishi. Maana Kitonga ni ileile bana, lori likikatika breki pale halikuulizi leo umeamkaje. Sisi tunachobeba tofauti ni kile tulichokitazama na kile tulichokiruka, hapo ndo naona pana ukweli, hayo ya mlima kukua na kupungua nawaachia wenyewe.

Jioni mama mdogo aliwekewa matone na mtoto wa binamu, mdogo wa darasa la tatu, akafanya kwa umakini kuliko mimi. Siku hiyo haikuwa na lingine.

Alhamisi, Iringa mpaka Tukuyu

Siku ya leo niliamka mtu. Sijui niseme vipi. Tulipanda basi linalotoka Iringa, bovu kuliko la juzi, na mimi nikaliona lina uhai. Konda alikuwa na dharau zilezile lakini nikaona anachekesha. Mafinga misonobari ya Sao Hill imepangwa mistari mpaka macho yanachoka, nikamwonyesha mama mdogo, hakuitika. Makambako upepo wake ule wa kuchukua kofia, wauza mahindi ya kuchoma, nikanunua mawili, lake hakula.

Kumbe leo zamu yake. Kichwa kilikuwa kinamuuma, mwanga umezidi, ile miwani inambana puani, na jicho moja linaona hivi lingine vile mpaka kizunguzungu. Daktari alisema itatokea mpaka la pili lifanyiwe. Nikawa mimi ndo yule wa kusema "ma'mdogo ona pale" na yeye ndo wa kuitika kwa pua. Nilijiskia vibaya kidogo kwa jinsi nilivyomjibu Jumanne lakini sio sana, nilikuwa na raha bana.

Karibu na Igawa tairi likapasuka. Tukashuka wote, jua kali la bonde la Usangu, vumbi, hakuna kivuli. Saa nzima na nusu. Abiria wakatukana, mmoja akapiga simu kila alipopajua, dada mmoja akalia kabisa maana alikuwa anawahi msiba Mbeya. Mimi nilikaa kwenye jiwe na mzee mmoja wa Chimala akanihadithia habari ya mpunga wa Mbarali, jinsi maji ya mifereji yanavyogawanywa kwa zamu na jinsi watu wanavyoibiana zamu usiku, akataja ujanja wote, majani ya mgomba ya kuziba mfereji, mtoto wa kuweka macho, nikasahau tairi. Tulipoitwa kupanda nikaona wamewahi.

Hapo ningeweza kuandika mambo ya mtazamo mzuri hugeuza tairi kuwa baraka. Lakini yule dada. Yeye alikuwa barabara ileile jua lilelile na kilichokuwa kinamngoja ni jeneza la mtu wake ambalo halitamsubiri. Ungemwambia nini, atulie aone mandhari? Raha yangu pale ilikuwa ya mtu asiye na anakowahi. Kukosa kazi ndo kulikonipa. Hilo nalo lilinichekesha kwa uchungu kidogo.

Uyole tumefika saa kumi na moja jioni, na hapo mtandao ukarudi, na meseji ikaingia. Tunashukuru kwa muda wako, nafasi imepata mtu mwingine, tutakutunza kwenye kumbukumbu zetu.

Tukapanda kosta ya Tukuyu. Sasa naomba muelewe hiki kipande cha barabara, Uyole kupanda kuelekea Isongole afu kushuka Kiwira mpaka Tukuyu, watu wanatoka nje ya nchi kuja kukiona. Mlima Rungwe kule juu karibu mita elfu tatu, migomba, parachichi, mashamba ya chai yamekatwa sawasawa, na udongo wa volkano mweusi ambao ukichomeka fimbo inachipua. Mimi niliona mvua. Mvua ya Tukuyu inanyesha mpaka kiangazi, vioo vina ukungu, mtu amebeba kuku miguuni kwangu, kosta inanuka kuku na nguo mbichi. Asubuhi nilikuwa mtu wa kukaa kwenye jiwe na wazee, jioni nataka kumpiga kuku. Katikati hapo ni meseji moja, maneno hayafiki ishirini.

Mama mdogo alijua bila kuambiwa. Hakusema kitu, alinipa kile kitunguu kimoja cha Ruaha Mbuyuni nikishike, sijui kwa nini, nikakishika mpaka Tukuyu.

Ijumaa, Tukuyu mpaka Matema

Usiku sikulala vizuri. Gesti ya baridi, mvua kwenye bati. Asubuhi ukungu, chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha, mhudumu ananisalimia kwa Kinyakyusa na mimi nikamwitikia vibaya akacheka, sikucheka.

Kutoka Tukuyu kwenda Kyela unashuka tu, na kila dakika kumi unavua nguo moja. Sweta lilitoka mapema, koti lilishatoka. Chini kule ni joto la kulowanisha shati, michikichi, kokoa imeanikwa kwenye mikeka pembeni ya nyumba, mpunga ushavunwa. Tukabadili gari, tukapita Ipinda, tumebanana wanne siti ya watu watatu. Mama mdogo alikuwa amenyamaza toka asubuhi. Akatoa miwani. Nikamwambia ma'mdogo vumbi, akaniambia nyamaza.

Ziwa Nyasa pale Matema linakutokea ghafla, ni ncha ya kaskazini kabisa, na upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama moja kwa moja kutoka majini, hakuna tambarare ya kupumulia. Mwezi wa saba upepo wa kusini unaleta mawimbi. Gari lilisimama, konda akawa anashusha ndoo yetu, na mama mdogo akatembea peke yake mpaka kwenye mchanga na kitenge kimelegea hata hakukifunga. Amezaliwa pale. Amechota maji pale, amefulia pale, kaka yake mkubwa alizama pale. Akafumba la kushoto, akafumbua. Akafumba la kulia, akafumbua. Mara nyingi.

Nilimsogelea nikamuuliza unaona nini. Akasema "ni lile la utotoni". Afu akasema, nilijua limechafuka. Miaka yote hii nilijua watu wamelichafua, nikawa nawalaumu wavuvi, nawalaumu mabwawa, nikawaambia wajukuu kwamba enzi zetu ziwa lilikuwa la bluu na nyie mmeliharibu.

Nikasimama pembeni yake nikajaribu na mimi, nikafumba moja, nikafumba lingine. Bluu ileile pande zote mbili. Niliiona kuwa ni nzuri, yaani nilijua kwamba ni nzuri, kichwa kilijua, ila chini huku hapakusogea kitu, ile meseji bado imekaa. Sitaki kusema uongo kwamba ziwa liliniponya. Kilichonifanyia kitu ni yeye, kule kumwona ameweka mkono mdomoni na machozi yanatoka kwenye lile jicho ambalo tumeambiwa lisiingie maji, mimi natafuta pamba safi kwenye begi kwa haraka, pamba haionekani, nikawa na kazi ya kufanya. Toka Dar sikuwa na kazi ya kufanya.

Jumamosi, Matema

Niliamshwa na kelele.

Mama mdogo aliamka alfajiri, akafungua madirisha ya nyumba yake, mwanga ukaingia, na yeye akaiona nyumba yake kwa jicho jipya. Kuta zimefukiwa na moshi. Utando wa buibui kwenye kenchi. Sufuria zina weusi mpaka ndani, vikombe vina mstari wa chai, godoro lina ramani. Mkwe wake, mke wa mwanae, ambaye amemhudumia miaka yote ya upofu ule na watoto wadogo watatu juu, amesimama mlangoni na fagio analia. "Mmekuwa mnanilisha kwenye hivi?" Mama mdogo anashika kila kitu anakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Afu akapata kioo. Hapo ndo kimya kikaingia. Akajiangalia, akasogeza, akarudisha. "Hii mikunjo imeanza lini na hamkuniambia?"

Watu wanasema kuona vizuri ni furaha. Nilikumbuka ule msemo wa wahenga kwamba ukipenda chongo huita kengeza, nikaona mama mdogo amefanyiwa kinyume chake, alikuwa na chongo kweli na akapenda kila kitu, sasa hana chongo, na kengeza zote anaziona. Mtu aliyesoma mabango na kuita Yesu kwa ajili ya twiga, wiki hiyohiyo anamliza mkwe wake kwa ajili ya kikombe. Jicho ni lilelile, plastiki ni ileile. Kwaiyo ile hesabu yangu ya Mikumi ilikuwa fupi.

Na mimi siku hiyo, msiniulize, nilikuwa na furaha. Nililala vizuri, nimeota jua, vijana wakaniletea mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela wa kunukia, nimekula mchangani nimevua viatu. Nikamchukua mkwe nikaenda naye sokoni apumue. Kuna wamama wa Ikombe, Wakisi, wanafinyanga vyungu na kuvileta kwa mtumbwi, vyekundu na nakshi nyeupe shingoni, wepesi ajabu. Tukanunua viwili vipya. Mkwe njiani akaniambia kwa sauti ndogo, shemeji, mimi nilikuwa naomba sana apone, na sasa namwogopa.

Tulivyorudi mama mdogo akavichukua vyungu akavigonga kwa kucha, akavizungusha kwenye jua, kimoja akakuta ufa ambao sisi wawili hatukuuona. Akamtazama mkwe. Afu akakiweka chini akasema hiki kitafaa cha maua. Nadhani ilikuwa namna yake ya kuomba msamaha, mkwe naye aliipokea hivo, akaenda kupika.

Jumapili, Matema

Kanisani asubuhi, watu wakamsalimia foleni nzima, kila mmoja anamsogezea uso: mimi nani? Mimi nani? Akawataja. Kuna mama mmoja alimkosea kabisa maana alikuwa anamjua kwa sauti tu, akamwambia nilijua wewe mnene. Wakacheka mpaka mchungaji akageuka.

Mchana tumekaa chini ya mwembe nikamwambia kuhusu la pili. Daktari alisema tukae wiki kadhaa afu arudi Dar, mimi nitakuja kumchukua, nauli nitapata tu. Akakataa. Nikajua ni Kitonga, nikamwambia tutapita usiku hutaona. Akasema sio Kitonga.

"Hili jipya nitaliangalizia ziwa," akasema, "hili la zamani nibakizie la kuangalizia ndugu."

Nilicheka sana, yeye hakucheka sana. Akaniuliza sasa na wewe, ile kazi. Nikamwambia nilikosa. Akasema nilijua toka kwenye kosta, ulishika kitunguu utadhani umeokota mtoto. Afu hakuniambia itakuwa sawa, hakuniambia Mungu ana mipango, alichofanya aliniuliza deni ni shilingi ngapi na nani ananidai, akauliza mwenye nyumba wangu ni mtu wa wapi, akanipa hesabu ya kokoa yake atakayouza na akasema kiasi gani anaweza kunikopesha na nirudishe lini. Kwa tarehe. Nimehutubiwa na watu wengi mwezi ule kuhusu kuwa na moyo mkuu. Huyu alinipa tarehe, na moyo ukakaa vizuri wenyewe.

Jumatatu, Kyela mpaka Dar

Basi la moja kwa moja, siku nzima na kipande cha usiku. Rungwe ilikuwa wazi leo, Igawa hakuna aliyepasua tairi, Lugalo nikageuza shingo nikauona mnara, Kitonga tulishuka kiza kimeingia. Mikumi nilikuwa nimelala kwaiyo kama kulikuwa na twiga siwezi kusema. Nilikuwa na mchoko tu, sio furaha sio huzuni, na siku za hivi ndo nyingi kuliko zote ingawa hakuna anayeziandika.

Tulipofika Chalinze mama mdogo akapiga. Kuna kelele nyuma, watu wanasugua kitu. Akasema amefikiria, nimpangie tarehe ya lile la pili, ila isiwe kabla hajamaliza kupaka nyumba maana hawezi kuja kuiona ile moshi kwa macho mawili. Na niulize Dar ndoo ya rangi ya bluu ni shilingi ngapi, ya Kyela anasema wanamwibia, na ameona mwenyewe bei imebandikwa juu ya bei.